Dume la Mbegu Likitimiza Miezi 24 Kazini, Liondoke

Sitaandika habari za josho, maji wala chumvi. Hayo mnayajua tangu enzi za babu zenu, na wengine mnayajua kunishinda. Ninachokikuta boma baada ya boma, kuanzia Monduli hadi Siha, ni dume moja la ng'ombe lililozeekea katikati ya mabinti zake. Mnalisifu: nundu imesimama, ni pole, na marehemu mzee alilinunua kwa mkono wake. Sawa. Lakini mitamba, yaani majike ambayo hayajazaa, linayoipanda sasa ni watoto wake.

Dume likimpanda binti yake, kwa wastani robo ya jozi za vinasaba vya ndama huwa nakala ya kitu kimoja. Kasoro zilizojificha kwenye ukoo hupata mlango. Ndama huzaliwa wadogo, wengine hufa kabla ya kuachishwa, majike hurudia joto, yaani kutaka dume, mara tatu, maziwa hupungua. Mfugaji hulaumu ukame, kisha dawa, kisha jicho la jirani.

Sasa chukueni kalamu. Mimba ya ng'ombe ni kama siku 283, yaani miezi 9 na siku kumi hivi. Dume likianza kazi Januari 2026, ndama wa kwanza wataonekana Oktoba 2026. Mtamba chotara, mwenye damu ya kienyeji na ya kisasa, aliyelishwa vizuri anaweza kuingia joto akiwa na miezi 10 hadi 12, kwa hiyo Agosti 2027 hatari imeshaanza. Mwenye chotara aliondoe dume lake mwezi wa 18. Mwenye ng'ombe wa asili, Zebu au Boran, wa malishoni, ambao huchelewa kukomaa, asivuke mwezi wa 24. Hesabu inaanza siku lilipompanda jike wa kwanza, si siku ulipogundua mtamba wako ana mimba! Na msiniambie kwamba bado lina nguvu. Nguvu hizo ndizo zinazonitia wasiwasi. Lipelekeni mnadani Meserani au Weruweru likiwa bado na mwili, bei itakuwa nzuri.

Wengine husikia ushauri huu wakakimbilia kubadilishana dume na kaka yao. Nimeshuhudia ndugu wawili wakifanya hivyo kwa furaha kabisa, kumbe madume yote mawili yalizaliwa na dume moja la baba yao. Kama ng'ombe wa boma zote mbili walitoka zizi moja mlipogawana urithi, basi kubadilishana huko ni kuzunguka mti uleule. Tafuteni nje ya ukoo. Likija, litengeni siku 30, lipimwe ugonjwa wa kutupa mimba, na lisafiri na kibali cha kusafirisha mifugo.

Mwanya wa pili ni madume madogo. Mnaondoa dume kubwa na kuacha vijana wake zizini na dada zao na mama zao, wakati dume la chotara linaweza kutia mimba likiwa na miezi 9 tu. Yasiyochaguliwa kwa mbegu yahasiwe yakiwa na miezi 3 hadi 6. Kwa burdizo, koleo la kuhasi bila kukata ngozi, bana kila mshipa wa korodani peke yake, sekunde 10, kisha rudia sentimita moja chini yake. Usibane katikati ukapitisha pande zote mbili kwa mkupuo mmoja. Ngozi itakufa, na mtaniita usiku.

Mnaotumia uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mrija bila dume, hamjasalimika. Mbegu za Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji pale Usa River zina namba ya dume kwenye mrija. Andikeni namba hiyo, maana mtaalamu akirudi miaka miwili baadaye na namba ileile, mtamba wako atapandishwa na baba yake kwa gharama yako. Joto likionekana asubuhi, apandishwe jioni. Likionekana jioni, kesho yake asubuhi. Tazama tena siku ya 21.

Mkifanya hivi, ndama watazaliwa na uzito wa kueleweka na majike watashika mapema.

Kuhusu daftari la uzazi: mzee hukumbuka dume alilonunua kwa bei kali, lakini ndama yupi alizaliwa na nani, anayejua ni mama anayekamua. Mwulizeni yeye kabla ya kupandisha, na kijana anayesoma aandike akisikiliza.