Kupanga miezi mitatu ya shoo za laivu kwenye ukumbi wa watu 120

Ukumbi ninaoufanyia kazi uko Kinondoni, Dar es Salaam. Tukipanga viti wanaingia watu 120. Tukiviondoa wakasimama, 180, na jasho juu. Niliingia pale kama fundi mitambo, na sasa ndiye ninayepanga nani apige lini. Kila baada ya miezi mitatu tunabandika bango moja lenye shoo nane au tisa, na humo utakuta taarab asilia, dansi, singeli, ngoma za Wagogo, hip hop na watu wa gitaa kavu, yaani gitaa lisilo la umeme. Wenzangu wenye kumbi huniuliza tunawezaje kuchanganya namna hiyo na watu bado wakaja. Kwa kweli hatuchanganyi. Jengo ni lile lile, lakini kila muziki tunaupangia ukumbi wake: viti vyake, saa yake, sauti yake na malipo yake. Nitakuonyesha ninavyofanya, kuanzia karatasi tupu hadi jenereta inapozimwa.

Hatua ya 1: Pima jukwaa kabla ya kumpigia mtu simu

Jukwaa letu lina upana wa mita 5 na kina cha mita 3.5. Drums peke yake inakula karibu mita mbili kwa mbili. Ukishaitoa hiyo, na spika za wanamuziki wenyewe, wanabaki watu sita au saba wanaoweza kupiga bila kugongana viwiko. Namba hiyo iandike ukutani. Mimi sikuiandika, nikaalika bendi ya dansi ya "watu saba" wakashuka kumi na tatu kwenye basi. Tumba zilipigiwa mlangoni pa choo usiku mzima, na kila aliyetaka kupita alisubiri wimbo uishe.

Kisha simama katikati ya ukumbi ukiwa mtupu, piga kofi moja kali. Mlio ukirudi mara mbili tatu, kuta zako ni za zege tupu na kila ala itakusumbua. Sisi tulitundika mapazia mazito yenye mikunjo upande mmoja na mazulia nyuma ya jukwaa. Yanasaidia kwenye sauti za juu; besi hayaigusi. Kumbuka pia miili ya watu hunywa sauti, kwa hiyo ukumbi utakaoujaribu saa 10 jioni siyo ule utakaoukuta saa 3 usiku.

Hatua ya 2: Futa tarehe zisizofaa

Chukua kalenda na kalamu nyekundu. Ramadhani yote inatoka, na kwa kuwa inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, usitumie kalenda ya mwaka jana. Wiki inayoitangulia ni ya vunja jungu: bendi zote zina kazi na bei ziko juu, ukumbi mdogo hauwezi kushindana. Idd nayo hivyo hivyo. Siku ya Simba na Yanga futa bila kufikiri. Simba Day na Wiki ya Mwananchi, zile sherehe za kabla ya ligi kuanza, futa pia. Januari watu wanalipa ada. Machi hadi Mei ni masika, na Jangwani ikijaa maji nusu ya watu wako hawavuki.

Zilizobaki, anza na wikiendi ya kwanza baada ya mishahara. Mwezi ukiwa kona weka shoo ya kiingilio kidogo au usiweke kitu.

Hatua ya 3: Jua kila muziki unataka nini

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Taarab asilia. Nazungumzia ile ya ala kama udi, kanuni, nai, fidla, kodiani, dumbaki na rika, ambayo Ikhwani Safaa wa Unguja wamekuwa wakiibeba tangu 1905. Bango lako liseme wazi kuwa ni asilia, maana mtu akija akitegemea rusha roho, ile taarab ya kisasa ya kinanda, atanuna hadi mwisho. Hadhira yake inakaa, kwa hiyo weka viti. Lakini acha njia pana katikati na mita moja na nusu mbele ya jukwaa. Mara yangu ya kwanza nilijaza viti hadi ukingoni ili niuze nafasi kumi zaidi. Wakinamama walipotaka kwenda kutunza, yaani kumpa mwimbaji noti, ikabidi wapande juu ya mapaja ya watu. Wakakata tamaa, na mwimbaji akamaliza wimbo wake mzuri kuliko zote bila noti hata moja. Zile nafasi kumi zilimgharimu zaidi ya nilichomlipa. Kutunza ni sehemu ya muziki wenyewe na ni sehemu ya kipato chake; ipangie nafasi kama unavyoipangia fidla.

Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na unyevu wa Dar unazitoa kwenye sauti. Mpigaji mpe nusu saa ya ukimya kuziweka sawa, na feni isimpulizie. Udi, kanuni na nai zina sauti ndogo, kwa hiyo maiki zitafunguliwa sana na spika zitapiga mluzi. Dawa yake ni kushusha monita, zile spika zinazowaelekea wanamuziki, si kuongeza spika za mbele. Na kama kundi linatoka Unguja, hesabu malazi: boti za kasi za kurudi zinakuwa zimeshaondoka kabla shoo yako haijaanza.

Dansi. Ukubwa wa bendi zetu una historia yake. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park walipoanza 1978 mwanamuziki bado alikuwa mtu wa mshahara. Mwajiri akilipa, unaweza kuwa na magitaa matatu, tarumbeta, saksafoni na waimbaji wanne. Mlango wa watu 120 hauwezi kumbeba mwajiri huyo. Kwa hiyo zungumza na kiongozi wa bendi mapema, mkubaliane kikosi cha wanane: solo, rhythm, besi, drums, tumba, saksafoni moja na waimbaji wawili. Wengine watakataa, na wana haki. Viti ondoa, bakiza vichache pembeni kwa wazee wa zilipendwa. Sehemu ya kwanza ya wimbo wataisikiliza wamekaa. Chemko, ile sehemu ya mwisho yenye kasi, likiingia utawatafuta huwaoni kwenye viti. Nyimbo ni ndefu, kumi zinatosha kwa saa moja na nusu.

Singeli. Jukwaani ni MC na DJ tu, kwa hiyo nafasi si tatizo. Tatizo ni mwendo. Chukua mdundo wa mapigo 240 kwa dakika: pigo moja linakuja kila robo sekunde. Ukumbi wako ukishikilia mwangwi kwa sekunde moja, pigo la nne linaanguka juu ya mwangwi wa la kwanza na watu wanasikia uji. Vijana watakwambia ongeza besi. Usiongeze. Ipunguze, sogeza spika karibu na watu, inua sauti ya MC ili maneno yasikike. Singeli imekulia kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za mitaani, uwanjani, ambako hakuna ukuta wa kurudisha sauti; DJ mzuri akiingia ndani ya jengo anakuelewa ukimweleza hivyo. Sisi tunaipiga Jumapili kuanzia saa 10 jioni hadi saa 2 usiku. Majirani wanavumilia, na vijana wanapata daladala za kurudia.

Ngoma za Wagogo. Usiwapandishe jukwaani. Tandika mikeka katikati ya sakafu, viti vizunguke pande zote, maiki mbili tu juu kwa ajili ya zeze na ilimba. Wanawake wa muheme hawahitaji maiki kabisa. Wanaohitaji kinga ni masikio ya walio mstari wa mbele, na mimi huwaambia wazi mlangoni. Tangu treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, ianze kwenda Dodoma mwaka 2024 safari imekuwa nyepesi. Sisi ngoma kubwa tunazitanguliza na basi la siku moja kabla.

Gitaa kavu. Viti, taa hafifu, na friji ya vinywaji izimwe. Sitanii. Kwenye ukumbi mtupu huisikii, lakini mtu akivuta uzi mmoja kwa kidole, friji inakuwa mwanabendi. Hip hop yenye bendi ichukulie kama dansi iliyopungua watu.

Hatua ya 4: Panga mfuatano kwa viti, si kwa majina

Wengi wanaanza na jina kubwa halafu wanajaza pembeni. Mimi naanza na viti. Kuhamisha viti 120 na kufunga jukwaa upya ni kazi ya watu wanne kwa saa tatu, kwa hiyo wikiendi moja naiweka ya kukaa na nyingine ya kusimama. Robo inayokuja nimeipanga hivi. Mkesha wa Sabasaba ni dansi kwa sababu kesho yake ni mapumziko. Wikiendi inayofuata, hip hop yenye bendi. Drums ile ile inabaki palepale na maiki zake. Mwisho wa Julai viti vinarudi: Ijumaa gitaa kavu, Jumamosi taarab. Wagogo nimewasogeza nyuma ya Nanenane, maana wiki hiyo Dodoma ina maonyesho ya Nzuguni na vikundi huwa na mialiko yao. Singeli inafunga Agosti. Septemba inaanza na dansi tena, halafu gitaa kavu.

Ujanja mmoja wa kuhamisha watu kutoka muziki huu kwenda mwingine: ile Ijumaa ya gitaa kavu inafunguliwa na mpiga udi mmoja kutoka kundi la taarab, dakika ishirini, peke yake. Tiketi za Jumamosi zinauzwa pale pale akishuka.

Hatua ya 5: Vibali

BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), manispaa, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hasa kama bendi itapiga nyimbo za watu wengine, na dansi lazima itapiga. Anza mwezi mmoja kabla. Suala la kelele liko chini ya NEMC, baraza la mazingira, na baada ya saa 4 usiku kiwango kinachoruhusiwa kinashuka, kwa hiyo nyimbo nzito ziishe kabla ya hapo. Nenda pia kwa mjumbe na majirani watatu wa karibu, uwape namba yako. Ni afadhali wakupigie wewe kuliko wapige polisi.

Hatua ya 6: Hesabu ya mlango, mbele ya wanamuziki

Hesabu yetu ni hii. Watu 110 kwa kiingilio cha shilingi 10,000 ni 1,100,000. Toa 250,000 za mlinzi, usafi, dizeli na msaidizi wa mitambo, inabaki 850,000. Wanamuziki wanachukua asilimia 70, yaani 595,000. Wapiga gitaa wawili wakigawana, kila mmoja anaondoka na 297,500. Wanadansi wanane hawafiki 75,000 kila mmoja. Sasa ondoa viti, ingiza watu 180: mapato 1,800,000, baada ya gharama 1,550,000, asilimia 70 ni 1,085,000, na kila mmoja kati ya wanane anapata zaidi ya 135,000. Ndiyo maana dansi kwangu ni ya kusimama, hata kabla sijafikiria chemko.

Nauli na chakula viwe nje ya hesabu hiyo, na kianzio kilipwe wiki moja kabla. Kundi la taarab huwa kubwa, kwa hiyo usiku wao kiingilio kinapanda hadi 20,000 na nawapa asilimia 80. Kwenye bango andika lipa namba, kukaa au kusimama, na saa ya kweli. Ukiandika saa 1 ukiwa na nia ya kuanza saa 3, watu watakuzoea na hutawarudisha tena.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Mitambo ifungwe saa 8 mchana. Kujaribu sauti kunaanza na atakayepiga mwisho, kunamalizia na atakayefungua, ili jukwaa libaki tayari kwa wa kwanza. Jenereta iwashe mara moja mchana huo ukiwa umefungua maiki zote, usikilize kama inaunguruma kwenye spika. Ikiunguruma, tafuta kebo iliyolala sambamba na waya wa umeme uitenganishe. Wanamuziki wale saa 12, si saa 1 na nusu; mwimbaji aliyeshiba pilau sasa hivi hana pumzi.

Shoo ikiisha, kaeni mezani na kiongozi wa kundi, hesabuni pamoja, alipwe usiku huo huo na asaini. Kwenye daftari andika waliingia wangapi na wengi waliingia saa ngapi. Ndizo namba nitakazozitumia kupanga robo ijayo. Halafu zima amplifaya kwanza, miksa baadaye, jenereta mwisho. Ukianza na jenereta, zile spika zitapiga kishindo utakachokilipia.