Kukusanya senti ndogo za zamani za Marekani bila kupigwa

Wadau, anayetaka kuanza kukusanya senti ndogo za Marekani, mi nashauri kabla hujatoa hela tafuta kwanza lenzi inayokuza mara kumi na kamzani kama ka sonara, maana huku feki ni nyingi na mbaya zaidi nyingine zinachongwa kutoka kwenye senti halali kabisa.

Hizi ndogo zilianza kutumika 1857 zikapokea zile kubwa za shaba, kwanza zilikuwa na tai anayeruka, 1859 ikaja Indian Head (yenye kichwa kilichovaa taji la manyoya la Wahindi Wekundu) ikaenda mpaka 1909, ndo akaingia rais Lincoln. Mzani unakusaidia hivi: zile za mwanzo za shaba na nikeli zina gramu 4.67, ila 1864 wakahamia bronzi, gramu 3.11.

Sasa ya 1856 ndo kila mtu anaitaka, ilikuwa ya majaribio na zilitoka chache sana, kwa hiyo mjanja anachukua ya 1858 anachonga 8 iwe 6. We iangalie 5. Ule mstari wake uliosimama, ukiufuata kwa macho kwenda chini, kwenye halisi unalenga katikati ya kile kitufe cha mwisho wa 5, kwenye ya 1858 unapita kushoto. Nyingine inayotafutwa ni 1914-D (D ni Denver, mji ilikotengenezwa), hii wanaikwangua kutoka 1944-D, so utakuta nafasi kati ya 9 na 1 imekuwa pana mno, halafu cheki begani kwa Lincoln, ukiona herufi V.D.B. (za jina la mchoraji wake) achana nayo, hizo zimewekwa begani kuanzia 1918.

1877 zilipigwa 852,500 tu, 1909-S V.D.B. (S ni San Francisco, na hapa hizo herufi ziko upande wa nyuma) ni 484,000, hizo usinunue bila kasha la plastiki la PCGS au NGC, kampuni zinazothibitisha sarafu, na namba yake uihakiki mwenyewe kwenye tovuti yao.

Na jamani msisugue! Mi niliwahi kusafisha Indian Head kwa ndimu, ikatoka na wekundu wa ajabu kama waya mpya wa umeme, ile rangi ya kahawia ya miaka mia haikurudi tena na hakuna aliyeitaka, iliniuma sana. Shika ukingoni tu, usiweke kwenye plastiki laini ya PVC inaacha utando wa kijani, na ukiwa pwani tupia vile vipakti vya kunyonya unyevu kwenye boksi. Kwa kuanzia chukua Indian Head za miaka ya 1890 hivi, bei zake zinavumilika, jifunze kusoma neno LIBERTY pale kwenye taji, herufi zikionekana zote ujue haijachakaa sana.