Kufungua mzinga mpya mara ya kwanza: tafuta mayai, asali iache

Nyuki wakishahamia kwenye mzinga ulioweka nyuma ya nyumba, siku za mwanzo kazi yako ni kukaa mbali na kutazama. Hamu ndiyo inayowaponza wafugaji wapya. Mtu anafunua leo, anafunua kesho kutwa, anataka kujua asali imefika wapi, na nyuki wetu hawavumilii hayo. Wakisumbuliwa sana huhama wote, wakakuachia masega matupu. Subiri angalau wiki moja tangu kundi kuingia, kisha ufungue kwa sababu mbili tu: kujua kama malkia anataga, na kama masega yanafuata viunzi, yaani zile mbao nyembamba zilizopangwa juu ya mzinga ambazo nyuki hujengea masega.

Wiki hiyo ya kusubiri si ya kupoteza. Asubuhi simama ubavuni mwa mzinga, usizibe njia yao ya kurukia, uangalie miguu ya nyuma ya wanaorudi. Wakiwa wamebeba vidonge vya chavua, kuna dalili nzuri kwamba ndani kuna majana, yaani watoto wa nyuki, wanaolishwa. Pemba hatuna sababu ya kusingizia msimu, maana mnazi hutoa maua mwaka mzima. Mikarafuu, kwa wingi wake wote, usiitegemee sana: karafuu tunaichuma ikiwa tumba, na tumba lililokwisha kuanikwa jamvini halimpi nyuki kitu. Miembe na mikoko ina faida zaidi kwao.

Siku ya kufungua, anza saa 11 jioni hivi. Mwanga unakuwa bado unatosha kuona ndani ya vyumba vya sega, na nyuki wakichafuka, giza litawarudisha nyumbani kabla hawajasumbua mtaa. Lakini huo ndio wakati watoto wanatoka chuoni kusoma Kurani, kwa hiyo waambie majirani mapema na uzuie njia inayopita karibu. Ng'ombe au mbuzi aliyefungwa kamba mhamishe kabla hujawasha moshi. Mtu atakimbia; mnyama wa kamba hana pa kwenda, na nyuki wanaweza kumuua. Kama nafasi ya uwani haitoshi kwa hadhari hizi, kwa maoni yangu mzinga huo haukufaa kuwekwa hapo, na bora uhamishiwe shamba wangali wachache.

Vaa nguo nene za rangi nyeupe au nyepesi, kofia ya wavu, glavu, na suruali uichomeke ndani ya viatu vya mpira. Nyuki hukimbilia kitu cheusi, kwa hiyo buibui libaki ndani. Nguo iliyofukizwa udi nayo iache, na marashi usijipake siku hiyo. Harufu kali huwachokoza. Bomba la moshi lijaze makumbi makavu ya nazi. Plastiki na mafuta ya taa ni marufuku, na makonyo ya karafuu usiyachome, wauzie wanaoyanunua. Pima moshi kwenye kiganja: ukikuunguza wewe, utawaunguza na wao. Pulizia mara mbili tatu mlangoni, ungoje dakika moja au mbili.

Funua mfuniko, uanze na kiunzi cha mwisho kabisa, upande usio na masega. Wengi hukimbilia katikati, na katikati ndiko kwenye majana na ulinzi mkali. Banua kiunzi kwa kisu taratibu, kwani nyuki hukigandisha kwa gundi yao. Ukilifikia sega, linyanyue wima na libaki wima. Sega jipya ni jeupe na laini, na kwa joto letu ukililaza tu linakatika na kuanguka na nyuki wake.

Geuka jua likupige mgongoni, mwanga uingie hadi chini ya vyumba. Yai ni kijiti cheupe cha milimita moja na nusu hivi, moja katika kila chumba, limesimama sakafuni. Ukiliona, malkia alikuwapo ndani ya siku tatu zilizopita, maana siku ya nne yai linakuwa jana. Basi usihangaike kumtafuta mwenyewe. Kila kiunzi cha ziada unachokigusa unamhatarisha bure. Ukikuta chumba kimoja kina mayai matatu manne yaliyobandikwa ukutani, kundi limekosa malkia na vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, wameanza kutaga. Mayai yao hutoa madume tu. Hapo mtafute afisa wa misitu wa wilaya au mfugaji mzoefu, kwa sababu kundi hilo halitajirekebisha lenyewe.

Sega lililopinda lirudishe sawa siku hiyo hiyo kwa kulisukuma polepole kwa kidole, lingali dogo. Likiachwa mpaka likaunganisha viunzi viwili, la pili litapinda kwa kulifuata, na la tatu pia, na baada ya miezi michache hutafungua mzinga bila kuvunja. Viunzi virudi kwa mpangilio ule ule, vibanane pasibaki upenyo.

Ukidungwa, kwangua mwiba kwa ukucha mara moja, kisha fukiza moshi pale pale. Mwiba huacha harufu inayofanana na ndizi mbivu, nayo huwaita wengine. Wakizidi, funga mzinga uondoke. Aliyevimba uso au anayehema kwa shida apelekwe hospitali bila kungoja.

Jambo moja huwatia hofu wengi: wiki za mwanzo kundi hupungua. Kibarua huchukua takriban wiki tatu tangu yai hadi kutoka chumbani, na wakati huo waliokuja na kundi wanakufa kwa uzee bila wa kushika nafasi zao. Mayai yakiwapo, tulia, usifungue tena mpaka wiki mbili zipite.

Adui wa kumwangalia kila siku ni maji moto, wale sisimizi wekundu wa mitini. Kata tawi lolote la mwembe au mkarafuu linalogusa mzinga, na kila mguu wa kichanja usimame ndani ya kopo la oili chafu. Masika makopo hayo hujaa maji ya mvua, oili ikamwagika nje, kwa hiyo yafunike kwa kipande cha bati juu yake na uyakague kila mvua kubwa ikipita.