Kabla hujapiga shoo ya kwanza Uskoti

Kijana akinifuata Glasgow na kuniuliza aanzie wapi ili muziki umlishe, swali langu la kwanza kwake ni hili: jina lako kwenye pasipoti limeandikwaje? Wengi hushangaa. Walitarajia niulize wanapiga ala gani.

Nauliza hivyo kwa sababu yaliyonikuta mwenyewe. Nilipiga gitaa kwenye rekodi ya bendi moja ya hapa. Pasipoti yangu ina majina matatu, benki imeyapunguza kuwa mawili, na kwenye mabango nilikuwa natumia jina la mtaani. Aliyesajili ile rekodi akaandika hilo la mtaani bila kuniuliza. Wimbo ukapigwa redioni, fedha zikatoka, wenzangu watatu wakapata. Mimi nilikaa miezi nikituma barua pepe, nikiambatisha nakala ya pasipoti na picha tuliyopigwa studio nimeshika gitaa, ili nithibitishe kwamba yule mtu ni mimi. Sikudhulumiwa na mtu. Fedha ya muziki Uingereza hufuata jina, na jina langu lilikuwa limetawanyika. Kwa hiyo chagua namna moja ya kuliandika jina lako, litumie benki, kwenye mikataba na kwenye kila usajili, na jina la jukwaani lisajili kama jina la ziada la mtu huyohuyo.

Kabla hujakubali malipo yoyote, angalia viza yako inasema nini. Hapa ndipo ndugu zetu wengi huumia. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, wala kuajiriwa kama mtumbuizaji, hata kama ni saa chache Jumamosi usiku. Kijana mmoja mpiga ngoma, mwanafunzi, alinipigia simu akiwa na furaha: "Kaka, baa moja wananipa pauni 80 kila Ijumaa!" Ilinibidi nimkatize. Pauni 80 si kitu cha kupotezea shahada na haki ya kukaa. Aliendelea kufanya mazoezi na wenzake na kutunga, akasubiri hadi alipomaliza masomo na kupata viza ya mhitimu, ambayo inaruhusu kujiajiri. Aliyeomba hifadhi na bado anasubiri jibu, naye kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi, lakini hilo halimzuii kupiga muziki. Govan, hapahapa Glasgow, kuna mradi wa Musicians in Exile ulio chini ya okestra ya The Glasgow Barons, unaowakutanisha wanamuziki wakimbizi na waomba hifadhi. Nawaambia waende, maana mikono ikikaa bila ala mwaka mzima husahau. Na wewe unayealikwa kutoka Nairobi au Dar kwa shoo moja tu: tangu 31 Januari 2024 sheria ya wageni inaruhusu baadhi ya kazi za kulipwa za wasanii, ila mwaliko na mpango viwepo kabla hujasafiri, na kazi iishe ndani ya siku 30 tangu uingie. Viza ya mgeni bado utaiomba.

Hapo ndipo tunafika kwenye mirabaha, yaani malipo ya kila wimbo wako unapotumiwa hadharani, na nakuomba usome sehemu hii polepole. Kuna vyombo viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku. PRS, chama kilichoanzishwa 1914, hukusanya fedha za aliyetunga wimbo: mashairi na melodia. PPL, ya 1934, hukusanya fedha za ile rekodi, kwa ajili ya mwenye rekodi na wote waliopiga na kuimba ndani yake. Ukiwa umetunga na pia umepiga, unahitaji vyote viwili. Kujiunga PPL ni bure, PRS ina ada ya kujiunga ya mara moja tu. Mpiga besi ambaye hakutunga hata neno moja bado ana haki yake PPL, mradi aliyesajili rekodi amemworodhesha kwa jina na ala aliyopiga. Mkitoka studio, kaeni kwanza mezani muandike nani ametunga asilimia ngapi na nani amepiga nini. Karatasi moja, saini zenu, tarehe. Kuligusa jambo hilo wimbo ukiwa bado haujaingiza hata senti ni rahisi sana kuliko baadaye.

Kama tayari u mwanachama wa chama cha mirabaha cha nyumbani, kwa mfano MCSK kule Kenya, usikimbilie kujaza fomu ya PRS. Huwezi kuwapa vyama viwili haki ileile kwa eneo lilelile. Waandikie kwanza wa nyumbani, ujue umewakabidhi nini, halafu ndipo uamue.

Na usidhani mirabaha ni ya redio tu. Shoo za muziki zinazouza tiketi hulipia PRS 4.2% ya mapato ya tiketi kwa ajili ya watunzi, kiwango kilichoanza 2018. Kumbi ndogo nazo zina leseni zake. Lakini fungu lako halijitafuti lenyewe, lazima upeleke orodha ya nyimbo ulizopiga, ukumbi na tarehe. PRS hugawa fedha mara nne kwa mwaka.

Kodi ni fupi zaidi, ingawa huwatisha watu. Mapato ya kujiajiri yakizidi pauni 1,000 ndani ya mwaka wa kodi, unatakiwa kujisajili kwa watoza kodi, HMRC. Mwaka huo huisha 5 Aprili. Mwisho wa kujisajili ni 5 Oktoba inayofuata, na mwisho wa kutuma hesabu mtandaoni na kulipa ni 31 Januari. Viwango vya kodi ya mapato kwa wakazi wa Uskoti hupangwa na Bunge la Uskoti, kwa hiyo usitumie hesabu ya rafiki yako wa Manchester. Tunza risiti za nyuzi, za nauli ya treni kwenda shoo, za kukodi chumba cha mazoezi. Mimi huzipiga picha nikiwa bado kituoni.

Ukishaanza kupata kazi, jiunge na Musicians' Union, chama cha wafanyakazi cha wanamuziki kilichoanzishwa 1893, chenye ofisi Glasgow. Ada yake huonekana kubwa hadi siku mtu atakapojikwaa kwenye waya wako na kuvunjika mkono. Uanachama huja na bima ya hadi pauni milioni 10 kwa madhara utakayomsababishia mtu mwingine. Pia wataalamu wao hukusomea mkataba kabla hujasaini. Usisaini chochote cha miaka mingi kwa sababu tu promota ana haraka. Mwambie unakipeleka chama. Mwenye nia njema atasubiri.

Kazi zenyewe ziko wapi? Wageni wengi hukodolea macho King Tut's, ukumbi wa watu 300 ambako Oasis walionwa na mwenye lebo mwaka 1993, au ukumbi wa Barrowland. Ni ndoto nzuri, nami ninayo. Ila kodi ya nyumba za wanamuziki wengi hapa hulipwa na harusi na ceilidh, ile dansi ya jadi ya Uskoti ambayo bendi hupiga na mtu mmoja huwaelekeza wachezaji hatua. Mpiga ngoma anayeshika mwendo bila kuyumba atahitajika huko. Kazi nyingine ni kufundisha, na ukitaka kuwafundisha watoto, tangu 1 Aprili 2025 sheria inakulazimisha uwe kwenye mpango wa PVG, wa kukagua rekodi za uhalifu za wanaofanya kazi na watoto, unaosimamiwa na Disclosure Scotland, kabla hujaanza. Mafundi sauti wazuri nao hawalali njaa.

Kukutana na watu wa kazi, Januari kuna tamasha la Celtic Connections pale Glasgow, na Edinburgh kuna mkutano wa watu wa muziki wa Wide Days. Nenda na rekodi fupi iliyosafishwa, usiende na ahadi. Chama cha tasnia ya muziki ya Uskoti, SMIA, ndicho kinachoendesha tuzo ya albamu bora ya Uskoti ya mwaka, ambayo mshindi hupata pauni 20,000. Bendi ya Young Fathers wa Edinburgh, ambao mwimbaji wao mmoja, Alloysious Massaquoi, alizaliwa Liberia, wameishinda mara tatu: 2014, 2018 na 2023. Mimi huwataja kila ninapomwona kijana wetu anadhani mlango huu si wake.

Ruzuku hutoka hasa Creative Scotland, shirika la umma linalogharimia sanaa. Omba, ila usipange maisha juu yake. Agosti 2024 walitangaza kuufunga mfuko wa watu binafsi kwa kukosa fedha, wasanii wakapiga kelele, ukafunguliwa tena Septemba.

Masikio, tafadhali. Nina rafiki mpiga dramu ambaye usiku, nyumba ikiwa kimya, anasikia filimbi isiyozimika. Help Musicians, shirika la hisani la wanamuziki, wana mpango wa kupima masikio na kukutengenezea vizibo vinavyofuata umbo la sikio lako, vinavyopunguza ukali bila kuua sauti. Fanya hivyo ukiwa bado unasikia vizuri. Hao hao wana Music Minds Matter, simu ya saa 24 kwa mwanamuziki aliyelemewa moyoni. Baridi na giza la Desemba huku, mbali na mama na ndugu, si mzigo mdogo. Kupiga simu hiyo hakukuondolei heshima hata kidogo.

Usiku wa shoo yenyewe, andika orodha ya nyimbo kwa kalamu nene na uibandike sakafuni mbele ya miguu yako. Mkimaliza, kabla hujafungua waya hata mmoja, ipige picha, kisha andika chini yake jina la ukumbi na tarehe. Mimi hutuma orodha PRS nikiwa kwenye treni ya mwisho, kwa sababu nikifika nyumbani nalala.