Kupima mwendo wa kilima cha mchanga: mfano wa Mchanga Unaohama wa Oldupai

Karibu na Bonde la Oldupai, Ngorongoro, kuna kilima cheusi cha majivu ya volkano kutoka Ol Doinyo Lengai. Kimo chake ni karibu mita 9, na ukifuata upinde wake unapata kama mita 100. Upepo wa mashariki hukisogeza kuelekea magharibi takriban mita 17 kwa mwaka. Maelezo haya yanafaa hapo na kwenye kilima chochote chenye umbo la hilali.

Soma upepo kwanza

Pembe mbili za hilali huelekea uendako upepo. Kwa lugha ya mabaharia, mgongo ni upande wa goshini, yaani upepo unakotoka, na ukuta mkali ulio kati ya pembe ni demani, upande uliokingwa na upepo. Mgongoni mwinuko ni mpole, nyuzi 10 hadi 15 hivi. Upepo ukivuka takriban mita 5 au 6 kwa sekunde, chembe huanza kuruka. Kila inayoanguka hugonga nyingine na kuzirusha. Chuchumaa utazame: mchanga unakimbia kama zulia, mwingi wake chini ya magoti.

Chembe zikivuka ukingo zinaingia demani, mahali upepo umekatika, nazo hurundikana pale pale juu. Ukuta ukizidi nyuzi 34 hivi, ulimi wa mchanga huporomoka hadi chini. Kilima huliwa mgongoni na kujengwa mbele. Ndiyo maana kinahama bila kupoteza umbo.

Vifaa

Vipande viwili vya nondo vya mita 1.5, futi ya mita 50, kamba, ubao mnyoofu wa mita 1, pima maji na rula. Oldupai kuna alama zenye miaka zinazoonyesha kilima kilipokuwa. Zitumie hizo; usipige nondo zako bila ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro.

Kupima

1. Tafuta guu la ukuta wa demani, katikati ya pembe mbili: ule mstari ambapo mchanga uliolegea unakutana na ardhi ngumu.
2. Kutoka hapo nenda mbele, uelekeo wa upepo. Piga nondo ya kwanza mita 30, ya pili mita 50, zikiwa mstari mmoja. Ukiipiga ya kwanza mita 2 tu kutoka guuni, itaanza kufukiwa kabla ya miezi miwili kwisha.
3. Vuta kamba kwenye nondo zote mbili hadi guuni, kisha pima kutoka nondo ya kwanza. Andika tarehe. Rudia kila mwezi.
4. Pima ukali wa ukuta. Gusisha ncha moja ya ubao kwenye ukuta, ncha ya pili ielekee nje, usawazishe kwa pima maji, kisha pima wima kutoka ncha ya pili hadi mchangani. Sentimita 65 ni sawa na nyuzi 33, yaani ukuta uko tayari kuporomoka.

Yanayoharibu vipimo

Kosa kubwa ni kupima kutoka ukingo wa juu. Siku moja ya upepo wa kinyume inatosha kuusogeza ukingo nyuma, ilhali guu halijatikisika. GPS ya simu nayo hukosea mita 5 au zaidi: kwa mwaka mzima itakupa picha, kwa mwezi haifai kabisa, kwa sababu wastani wa mwezi ni mita 1.4 tu.

Usipande ukuta. Nyayo zako huangusha mchanga na kulisukuma guu mbele, halafu unaandika mwendo ambao upepo haukuufanya. Zunguka kwenye pembe. Masika nayo, maji hushikanisha chembe na kilima hupunguza mwendo, kwa hiyo usichukue miezi miwili ya kiangazi ukaizidisha mara 6 kupata mwaka.

Hesabu

Zidisha kimo kwa mwendo: 9 × 17 = 153. Hizo ni mita za ujazo za mchanga zinazovuka ukingo kwa mwaka, kwa kila mita 1 ya upana. Upepo ukiwa ule ule, kilima chenye nusu ya kimo hicho kitakwenda karibu mara mbili. Kwa hiyo kila unapoandika mwendo, andika na kimo pembeni yake. Vinginevyo huwezi kulinganisha vilima viwili.