Namna ya Kuanza Kusikiliza Redio ya Raia Katika Mita Bendi 11

Kusikiliza redio ya raia, ambayo watu wengi huijua kwa herufi mbili tu, CB, ni kazi ya sikio na subira. Hapa hakuna mtangazaji wala ratiba ya vipindi. Kuna watu wanaozungumza wao kwa wao: dereva wa lori anayemtahadharisha mwenzake kuhusu ajali iliyo mbele, au mtu aliye nyumbani kwake anayetaka kujua sauti yake inafika wapi leo. Mwongozo huu ni wa anayetaka kusikiliza tu bila kurusha chochote hewani, kwa kuwa usikilizaji ni burudani iliyokamilika, na kwa maoni yangu ndio shule bora kwa yeyote atakayetamani kuzungumza baadaye.

Kwanza soma sheria ya nchi yako. Mahali fulani kusikiliza hakuhitaji ruhusa yoyote, na mahali pengine hata kumiliki mtambo wenye uwezo wa kurusha huhitaji kibali, hivyo chombo kinachopokea tu ndicho salama zaidi kuanza nacho. Kumbuka pia kwamba unachosikia ni mazungumzo ya watu, na si haki kuyarekodi ukayasambaza.

Kisha jua mahali pa kutega sikio. Nchini Marekani huduma hii ilifunguliwa katika masafa ya megahezi 27, yaani mita bendi 11 kwa kipimo cha urefu wa wimbi, mwaka 1958 ikiwa na chaneli 23, zikaongezwa kufikia 40 kuanzia Januari 1977. Chaneli ya 1 iko kwenye megahezi 26.965 na ya 40 iko kwenye 27.405, na mpango huohuo unatumika katika sehemu kubwa ya Ulaya. Kwa kawaida chaneli moja hupishana na nyingine kwa kilohezi 10, lakini kuna mahali ambapo nafasi huwa kilohezi 20, tena chaneli ya 23, iliyo kwenye 27.255, iko juu ya chaneli ya 24 na ya 25, ambazo ziko kwenye 27.235 na 27.245. Kwa sababu hiyo, ikiwa redio yako inaonyesha masafa badala ya namba za chaneli, andika jedwali la chaneli zote 40 kwa mkono wako mwenyewe na ulibandike karibu na redio, kwa maana kukisia kwa kuongeza kumi kumi kutakupoteza.

Nchini Marekani chaneli ya 9, yaani 27.065, imetengwa kwa ajili ya dharura, na ya 19, yaani 27.185, ndiyo makutano ya madereva wa malori. Uingereza ilihalalisha huduma hii Novemba 1981 kwa mpango wake wa kipekee, wenye chaneli za FM kuanzia 27.60125 hadi 27.99125. Ujerumani ina chaneli 80, nusu yake zikiwa chini ya 26.965. Huko Polandi masafa hushuka kwa kilohezi 5, hivyo madereva wake husikika kwa AM kwenye 27.180. Australia nayo, pamoja na megahezi 27, ina huduma nyingine iliyo juu sana, karibu na megahezi 477, ambayo redio ya masafa mafupi haiwezi kuifikia. Kwa jumla, ukipitia kuanzia megahezi 26.5 hadi 28 utakuwa umegusa karibu kila kinachofaa.

Redio inayofaa ni ile inayofika megahezi 30 na yenye uwezo wa kupokea AM, FM na SSB, yaani namna ya kurusha sauti kwa kutumia upande mmoja tu wa wimbi. Kagua jambo hili kabla ya kutoa fedha, kwa sababu redio nyingi za nyumbani zenye masafa mafupi huishia chini ya megahezi 27, na nyingi hazina SSB. Njia nyingine ni kifaa kidogo cha SDR, yaani redio inayoendeshwa na programu, kinachochomekwa kwenye kompyuta. Vingi vya bei nafuu huanzia megahezi 24, kwa hiyo mita bendi 11 imo ndani yake, na faida yake kubwa ni kwamba programu hukuchorea bendi nzima kwenye kioo, ukaona mtu anapoanza kuzungumza hata kama hukuwa kwenye chaneli yake. Asiye na chombo chochote anaweza kujifunza kwa kutumia redio zilizounganishwa na intaneti, kama ile ya Chuo Kikuu cha Twente kilichoko Enschede, Uholanzi, ambayo hupokea masafa yote hadi megahezi 29 na zaidi kidogo. Wiki mbili za kuisikiliza zitakufundisha mengi kabla hujanunua kitu.

Sasa tuje kwenye antena, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Fedha inayotumika kununua redio ya gharama kubwa huku antena ikiwa ni kijiti kilichokuja nayo ni fedha iliyopotea bure. Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa takriban mita 11, kwa hiyo antena ya nusu wimbi hukaribia mita 5.2, yaani vipande viwili vya waya wa shaba vya mita 2.6 kila kimoja. Kipande kimoja unakiunga na waya wa ndani wa kebo ya koaksia, na cha pili unakiunga na wavu wa nje wa kebo hiyohiyo. Kiungo hicho kikinge vizuri dhidi ya mvua, kwa kuwa maji yakishapenya ndani ya kebo huharibu upokeaji taratibu bila wewe kutambua. Ining'inize antena ikiwa wima, kipande kimoja juu na kingine chini, kwa sababu magari na vituo vingi vya karibu hutumia antena za wima, na uivute kebo ielekee pembeni badala ya kuiacha iteremke sambamba na waya wa chini. Iweke juu kadiri inavyowezekana na mbali kabisa na nyaya za umeme. Mawingu ya radi yakikusanyika, chomoa kebo mapema.

Adui wa msikilizaji ni mkoromo unaotoka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mimi nilikaa muda mrefu nikiamini kwamba bendi imekufa, kumbe chaja ya kompyuta yangu ilikuwa inavuma mfululizo na kufunika kila sauti dhaifu. Niliigundua kwa kuendesha redio kwa betri, kuzima umeme wa nyumba nzima, kisha kuwasha kifaa kimoja baada ya kingine huku nikisikiliza. Ilipochomekwa ile chaja, mvumo ukarudi papo hapo. Taa za LED na adapta za kila aina ndizo za kushukiwa kwanza.

Unaposikiliza, fungua kabisa kitufe cha kunyamazisha mikwaruzo. Kitufe hicho kinamfaa dereva aliye barabarani, ila kwako wewe kinazuia zile sauti hafifu unazozitafuta. Anza na AM kwenye chaneli ya 19, uzoee, kisha uhamie SSB, ambako ndiko wanaozungumza kutoka mbali hukaa zaidi, hasa kwenye chaneli za juu kuanzia ya 36. Mara ya kwanza SSB itakuudhi. Utasikia mlio kama wa bata na usielewe neno. Usibadilishe chaneli. Zungusha kitufe cha masafa polepole sana, kwa hatua ndogo kuliko zote ambazo redio inazo, ukienda juu kisha chini: mlio utakuwa mwembamba, utateremka, halafu ghafla utatua mahali pake na kuwa sauti ya mwanadamu, pamoja na pumzi yake na lafudhi yake. Ukishaupata wakati huo mara moja, mkono hauusahau.

Kusikia mbali hutegemea jua. Madoa ya jua huongezeka na kupungua katika mzunguko wa takriban miaka 11, na mzunguko wa 25 ulianza Desemba 2019. Madoa yanapokuwa mengi, tabaka la juu la ionosfia, yaani sehemu ya juu ya anga yenye chembe za umeme, hurudisha mawimbi ya megahezi 27 ardhini wakati wa mchana, na kituo cha maelfu ya kilomita husikika kana kwamba kiko jirani, ilhali cha kilomita mia tatu hakisikiki kabisa kwa kuwa mawimbi yameruka juu yake. Kuna pia mawingu ya ghafla ya chembe hizo katika tabaka la E, lililo chini zaidi, ambayo katika nusu ya kaskazini ya dunia hujitokeza hasa kati ya Mei na Agosti. Huweza kuleta sauti za kilomita 500 hadi 2,000, na kupotea kabla hujamaliza kuandika. Dalili ya bendi kufunguka ni miluzi inayopishana kwenye chaneli za AM, maana mawimbi ya vituo vingi vya mbali yanagongana. Ukiisikia, kaa hapo hapo.

Kutambua anayezungumza ni nusu ya furaha. Lugha na lafudhi husaidia, na wapenzi wa masafa ya mbali hujitambulisha kwa namba ya nchi: 1 ni Italia, 2 ni Marekani, 13 ni Ujerumani, 14 ni Ufaransa, 26 ni Uingereza na 30 ni Hispania. Ukisikia mtu akianza na "kumi na tatu" kwa Kiingereza, likifuatiwa na herufi mbili na namba nyingine, umempata Mjerumani hata kabla hajataja mji wake.

Yote haya yaandike kwenye daftari: tarehe, saa kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), masafa, kama ni AM, FM au SSB, nguvu ya sauti, na maneno machache uliyoyashika. Andika pia siku ambazo hukusikia chochote, pamoja na saa ulizosikiliza. Baada ya miezi miwili au mitatu, panga kurasa hizo kwa saa badala ya tarehe, na utaona ni saa zipi sauti za mbali huja kwako. Saa hizo ndizo za kutenga, redio ikiwa imewashwa na kalamu ikiwa karibu.