Oili ifike juu kwanza, ndipo upige stata

Injini zetu hapa Unguja zikishafungwa upya haziwaki siku hiyo hiyo. Krenki imechongwa, gasketi ya hedi inasubiriwa kutoka Dar, mwenye gari kenda Pemba msimu wa karafuu, na injini imelala chini ya mwembe, imefunikwa turubai. Ile oili uliyopaka kwenye beringi imeshachuruzika kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Ukiipiga stata vivyo hivyo, chuma kinasugua chuma mpaka pampu ivute, na sekunde hizo chache zinatosha kuchana beringi mpya.

Matayarisho yanaanza kabla ya kufunga sampo. Fungua pampu ya oili, jaza mafuta ya mgando baina ya gia zake, yale yale ya kupaka mwilini. Usitie grisi ya magurudumu. Haiyeyuki upesi, inaweza kuziba vitundu. Pampu kavu ni kama bomba la mkono la kisimani: usipolitia maji kwanza, utapampu mpaka magharibi.

Sasa tafuta bomba la kunyunyizia dawa, la lita 5, la kupampu kwa mkono; ndilo litakalosukuma oili ndani ya injini kupitia tundu la swichi ya oili. Liwe jipya. Lililokwisha kutiwa dawa ya mboga mwachie mwenye shamba. Toa swichi hiyo, ile inayowasha taa ya oili, kwenye bloku na uende nayo dukani, wakupe kiungo cha uzi huo huo. Gari nyingi za Kijapani ni uzi wa bomba wa inchi 1/8. Usikisie kwa macho, utaharibu uzi wa bloku. Funga mpira wa bomba kwenye kiungo hicho madhubuti, utie oili ile ile utakayotumia. Mimi huianika juani kwanza, inakuwa nyepesi.

Fungua tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya hedi. Mmoja apampu, mwengine aizungushe krenki taratibu kwa spana, kwa upande inaozungukia injini. Kuzungusha ndiyo kazi yenyewe, na ndipo vijana wanapofanya haraka. Kwenye injini nyingi oili ya juu hupita kwenye tundu la kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, na tundu hilo halikutani na njia yake ila kamshafti ifike mahali pake. Kwa hivyo zungusha krenki mizunguko miwili kamili, kamshafti ipate mmoja, tena rudia. Angalia kila roka, vile vikono vinavyosukuma valvu. Ikiwa zote zinatoka oili ila upande mmoja mkavu, simama hapo hapo. Pengine gasketi ya hedi imegeuzwa, au tundu lina uchafu. Mwenye gari akilalamika unamchelewesha, mpe yeye bomba apampu.

Filta ijaze kabla ya kuifunga, kama inakaa wima. Injini yenye tabo, mimina oili kwenye tundu la juu la tabo na uizungushe feni kwa kidole.

Huna bomba? Tumia stata, lakini uipunguzie injini mzigo: toa plagi, au glo plagi kama ni dizeli, na ukate mafuta kwa kuchomoa waya wa solenoidi ya pampu ya dizeli. Piga sekunde 10, pumzisha dakika nzima, stata isiungue. Funga geji pale pa swichi. Taa usiiamini peke yake. Nyingi huzima presha haijafika hata baa 1.

Pima oili kwa stiki kabla ya kuwasha, maana yote uliyoisukuma imeshuka kwenye sampo na inaweza kuzidi. Washa siku ile ile, usiiache mpaka wiki ijayo. Mmoja akae na ufunguo, mwengine macho kwenye geji. Ikipita sekunde 5 sindano haijapanda, zima, usiongeze moto kuona kama itapanda. Ikipanda, chungulia uvujaji kwenye filta na pale uliporudisha swichi, kisha mwage oili hiyo mapema, kilomita 500 zinatosha, na filta ubadilishe pamoja.